Mfalme Parmis wa Abdera

"Jirani, hebu niambie, huyu kijana kwenye dhahabu ni mungu au ni mfalme?"

Aliyeuliza ni Nanno, mjane aliyekaanga samaki kwenye uchochoro wa nyuma ya gati la Abdera. Aliyeulizwa ni Parmis, mpangaji wa chumba cha upande wa pili wa ukuta, ambaye saa hiyo alikuwa ameketi kizingitini akimenya kitunguu kwa heshima zote, maana ndicho kilikuwa chakula cha mchana na cha jioni hakikuwa na dalili.

Mwingine angedhani Nanno anauliza ili kupitisha muda. Haikuwa hivyo. Marehemu mumewe, aliyewahi kulibebea jeshi mizigo huko Asia, alimwachia kipande kimoja cha dhahabu iliyogongwa enzi za Filipo, mfalme wa Makedonia, naye alikificha ndani ya chungu cha chumvi.

"Kama ni mfalme," Nanno alisema, "atakaa humo humo chumvini na wala simwonei huruma. Wafalme wametukausha vya kutosha. Lakini kama ni mungu, basi nimemfukia mungu pamoja na dagaa, na nina dhambi."

Parmis akakipokea kipande, akakigeuza juani. Upande mmoja kijana mzuri wa sura, nywele za mawimbi, majani kichwani. Upande wa pili gari la farasi, na chini yake maandishi: ya Filipo.

"Ni Apolo, mama. Ona majani."

"Mbona askari wa ngomeni wanasema ni Filipo mwenyewe?"

"Filipo alikuwa na ndevu na chongo. Huyu macho yake yote mazima."

"Na muuza mafuta anaapa ni yule mwanawe, aliyekwenda kufia Babeli. Na mke wa muuza mafuta anasema mumewe ni mjinga, ni mjomba wa mfalme."

Parmis akaweka kitunguu chini.

Mji mzima unatembea na uso mmoja mfukoni, na hakuna ajuaye ni wa nani. Uso usio na mwenyewe! Na kitu kisicho na mwenyewe Parmis hakuwahi kukipita bila kukisalimu.

Tumjue kidogo bwana huyu. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye kipara kilichong'aa na kidevu kilichokwisha kabla hakijaanza. Kazi yake ilikuwa mdomo. Huko Bizantio aliitwa Dionisodoro, akawauzia wavuvi upepo ndani ya mifuko ya ngozi. Kisiwani Thaso aliitwa tabibu Eumolpo, akauza dawa ya kuotesha nywele, na wagonjwa walinunua huku kichwa cha tabibu kinawamulika machoni. Huko Kiziko aliitwa Arkestrato, na ya Kiziko tuyaache, kuna watu bado wanalia. Kila jina liliishia pale pale, kwenye kuruka ukuta na viatu mkononi.

Siku alipofika lango la Abdera, akiwa ametapika njia nzima ya bahari, mlinzi alimuuliza jina. Parmis akapekua kichwani na kukuta majina yote yana kesi. Lilibaki moja tu, lile alilopewa na mama yake, ambalo hakuwahi kulipeleka kazini. Likatoka lenyewe. Jioni ile, tumbo lilipotulia, alijiapia kwamba hili halichafui. Hili ni jina la kuzeekea, la kununulia kishamba cha mizeituni na la kuchongwa juu ya kaburi. Likiharibika hili, hana tena mji wa Wagiriki wa kuingia.

Kwa hiyo mpango uliomjia pale kizingitini ulimfurahisha kwa jambo moja kuliko yote: jina lake lisingeonekana popote.

*

Miaka ile kiti cha wafalme wa Makedonia kilikuwa kitupu. Ukoo wa Filipo ulikwisha kabisa, wa mwisho akiwa mtoto pamoja na mama yake, na waliowamaliza hawakuwa maadui bali walezi. Tangu hapo kila jenerali aliyebakiwa na askari na pumzi alijifunga utepe mweupe kichwani, kitambaa cha upana wa vidole viwili, fundo kisogoni, akasema yeye ni mfalme. Walikuwa wengi. Mtu ukitoka kununua zeituni ulikuwa huna hakika utarudi chini ya mfalme yupi.

Kamanda Bilos alikuwa bado hajajifunga. Yeye ni Mmakedonia aliyeachwa kulinda ngome ya Abdera na mfalme mmoja, kisha mfalme huyo akafa, na mfalme aliyefuata akasahau kwamba kuna ngome. Askari wake walikuwa wameanza kumwita kwa jina tu, bila cheo. Lakini Bilos alikuwa na mabakuli ya dhahabu kutoka Uajemi, ameyapanga kwenye rafu inayotazama dirisha, ili anayepita barabarani ayaone na kumeza mate. Na alikuwa na pua. Pua ndefu, iliyonyooka, ya kutangulia mlangoni.

Parmis alipanda ngomeni na kapu la samaki wa Nanno. Akaamkia, akaweka kapu mezani, kisha akasimama mdomo wazi akimwangalia Kamanda usoni.

"Unatazama nini?" Bilos aliuliza.

"Pua, mheshimiwa. Nisamehe."

"Ina nini?"

"Haina kitu. Ndiyo inayonishangaza, haina kasoro yoyote. Na nimeiona mahali."

"Pua yangu umeiona mahali?"

"Naiona kila nikipata riziki, yaani si mara nyingi." Akatoa kile kipande cha Nanno, alichokiazima kwa ajili ya kwenda kukiombea hekaluni. "Geuka kidogo. Kulia. Hapo hapo! Mama yangu nakufa!"

Bilos akachukua kipande. Akakiangalia, akajipapasa pua.

"Mama yako, apumzike kwa amani," Parmis alisema taratibu, "aliwahi kufika Pella, mji wa wafalme?"

"Aliuza vitunguu Pella."

"Karibu na nyumba ya mfalme?"

"Sokoni."

"Ni mbali, soko na nyumba ya mfalme?"

"Ukirusha kitunguu kinafika."

"Na Filipo alikuwa mtu wa kula vitunguu?"

"Kila mtu anakula vitunguu."

Parmis akakaa chini bila kukaribishwa, kama mtu ambaye magoti yake yameshindwa kubeba uzito wa ukweli.

"Basi," alisema. "Mimi sina la kuongeza."

Apolo, aliyekuwa kiganjani mwa Kamanda akisingiziwa ndoa ya vitunguu, hakusema neno. Miungu ina subira.

Machoni mwa Bilos kulipita kitu. Parmis, aliyesoma macho ya watu katika bandari nyingi, alikisoma kuwa ni tamaa. Alikosea kidogo tu, na aliyekosea kidogo huwa hana sababu ya kuangalia mara ya pili.

"Hata kama," Bilos alisema. "Nani ataniamini?"

"Watu hawaamini ukoo, mheshimiwa. Ukoo, nani alikuwepo? Watu wanaamini kilicho mfukoni. Mfalme ni yule ambaye muuza samaki anapokea dhahabu yake bila kuing'ata. Gonga dhahabu mpya kwa uso ule ule. Uso si ni wako? Watu watatazama dhahabu, watatazama pua, watamaliza wenyewe. Wewe kazi yako ni kujifunga utepe tu."

"Dhahabu yangu ni mabakuli."

"Ni mabakuli kwa sababu hakuna aliyeyaambia kwamba ni pesa. Tunayaambia."

Bilos akacheka mpaka samaki mmoja akaanguka. "Na nani atasimamia kazi hiyo?"

"Mtu mwaminifu. Asiyependa kujionyesha."

"Kama wewe?"

Parmis akainamisha macho kama bibi harusi. "Ukishikilia sana."

"Nashikilia. Kesho baraza litakutangaza kuwa mwangalizi wa nyumba ya sarafu."

"Kutangazwa si lazima, mheshimiwa, mimi naweza kimya kimya..."

"Utatangazwa," Bilos alisema, akimrudishia kipande kwa upole. "Mambo ya ufalme hayafanywi uchochoroni."

Parmis alishuka ngomeni akijipongeza. Amemvisha mtu kilemba cha ukoka na mtu mwenyewe ameinamisha kichwa! Mpango wake ulikuwa mwepesi: kila sarafu moyo wa shaba na ngozi ya dhahabu, na dhahabu inayobaki ilale chini ya kapu la samaki, ipande meli na mwenyewe. Watakapogundua, uso ni wa Apolo, pua ni ya Bilos, na Parmis ni mzee mmoja mpole anayepogoa mizeituni mahali fulani kwa jina alilopewa na mama yake.

*

Nyumba ya sarafu ya Abdera ilikuwa na tanuru moja, nyundo nyingi, na fundi wa kuchonga mihuri aitwaye Pithes, mzee mwenye kikohozi kirefu na maneno marefu kuliko kikohozi. Parmis alimkabidhi mabakuli, akakaa kwenye kigoda, akafumba macho na kuanza kuchagua mizeituni.

"Mkubwa," Pithes aliita. "Njoo uone. Dhahabu yako ina aibu."

"Aibu gani?"

"Nimeikwaruza kidogo, imegeuka nyekundu."

Parmis akafungua macho. Chini ya mkwaruzo bakuli lilikuwa jekundu kama sufuria ya Nanno.

"Jaribu jingine."

"Nimeshajaribu. Hili shaba, hili shaba. Lile lenye simba nilikuwa nalitegemea sana, nalo limeniangusha. Yote ngozi ya dhahabu, nyama ya shaba. Waajemi hawa! Au si Waajemi, sijui, mimi sikuwepo."

Parmis akarudi kwenye kigoda. Yeye alikuja kuiba nusu ya dhahabu. Sasa akawa anapiga hesabu kwamba nusu ya hakuna ni kiasi gani, na hesabu, kwa mara ya kwanza maishani, haikukubali kudanganywa.

"Usinune," Pithes alimfariji. "Muhuri umetoka vizuri mno. Nimegonga moja ya majaribio, tazama. Hiyo herufi ya kwanza imenitoa jasho."

Parmis akatazama. Kijana mzuri, nywele za mawimbi. Akageuza. Farasi. Na kuwazunguka farasi, kwa herufi safi ambazo hata mtu mwenye tongotongo angezisoma: ya zamu ya Parmis.

Parmis akamwinulia Pithes sarafu usoni.

"Hii nini?"

"Jina."

"Naona ni jina! Limefikaje hapa?"

"Nimelichonga."

"Nani kakutuma?"

"Kutumwa?" Pithes akakohoa kwa mshangao. "Hii ni Abdera, mkubwa. Tangu babu zetu watoke Teo na mizigo kichwani, anayesimamia sarafu jina lake linagongwa juu ya sarafu. Zikiwa mbovu, watu wajue nyumba ya kwenda. Kwani huko kwenu hamfanyi hivyo?"

"Kwetu," Parmis alisema kwa sauti nyembamba, "tunafanya kazi kwa unyenyekevu."

Alipanda ngomeni akikimbia, jambo ambalo si la mtu wa kipara wakati wa jua kali. Bilos alikuwa mbele ya kioo cha shaba, anajaribu utepe mweupe: mara fundo kisogoni, mara kidogo upande wa sikio.

"Mheshimiwa, kumetokea kosa dogo la maandishi..."

"Umeliona jina lako? Zuri sana. Nimependa herufi ya kwanza."

Parmis akashika ukingo wa meza. "Ulijua."

"Nimekaa Abdera mpaka nimeanza kupenda samaki wao, nisijue desturi yao? Sikiliza, rafiki yangu. Askari wangu wananuna. Mabakuli yangu ni shaba, nilipigwa na mfanyabiashara mmoja wa Sardi, mungu amlaani. Nikawa natafuta mtu wa kuyageuza pesa, na jina litakalogongwa lisiwe langu. Nikasema, atakayekubali lazima awe mpumbavu sana au mjanja sana. Ukaja wewe na kapu la samaki."

"Na mama yako? Na vitunguu?"

"Mama yangu alikuwa anafuma nyavu kijijini, Pella aliisikia tu kwa watu. Lakini ulikuwa unahangaika mno, nikaona nikusaidie." Bilos akakaza fundo, akageuza pua kulia na kushoto. "Hii ya pua, lakini, nakupongeza. Nimewaambia askari wote kwamba ni yangu, wamefurahi. Mambo yakienda vizuri, mfalme ni mimi. Yakienda vibaya, jina liko pale juu ya dhahabu, mfalme ni wewe. Rudi kazini. Na lango usilikaribie, walinzi wamekwisha kuambiwa."

Hivi ndivyo mtu aliyewauzia watu upepo alivyoingizwa mjini mwenyewe, tena kwa kupenda, tena kwa kubeba samaki.

*

Sarafu zikatoka, shaba iliyopakwa ile dhahabu kidogo ya ngozi ya mabakuli. Askari wakalipwa, wakalewa, wakamwimbia Kamanda na pua yake. Wauza ngano wakapokea bila kung'ata, maana dhahabu ni ya zamu, na mwenye zamu anajulikana. Sokoni watu walianza kumpisha Parmis njia. Muuza mafuta alimsimamisha amsalimie mkewe. Yeye, aliyepita bandari zote bila kukumbukwa na mtu, sasa hakuweza kununua kichwa cha kitunguu saumu bila kusikia lile jina alilopewa na mama yake likitajwa kwa sauti.

Nanno alipata moja kwa samaki wake. Akainusa, akaiweka chini.

"Jirani, hii ni shaba. Nakaangia shaba kila siku, harufu yake naijua kuliko ya mume wangu. Na ina jina lako."

"Najua, mama."

"Kwa hiyo ulipoazima Apolo wangu ukamwombee, hukwenda kuomba."

Parmis akakaa kwenye kizingiti chake na kumweleza yote, na kwa kuwa hakuwa amezoea kusema kweli, alikuwa anasimama kila mara kama mtu anayetembea gizani.

"Likiharibika hili," alimaliza, "sina jingine. Mama yangu hakunipa kitu kingine chochote. Nikiulizwa, utanisemea, mama? Utawaambia si mimi?"

"Mimi nimeshika madhabahu kwa mkono huu huu nilipoolewa na nilipozika. Siapi uongo kwa ajili ya mtu. Ukitaka uongo umekosea mlango, tena unao wa kwako wa kutosha." Akageuza samaki kikaangoni. "Mama yako angekuona angekupiga na mwiko."

"Angenipiga," Parmis alikubali.

"Kula," Nanno alisema, akamsogezea samaki.

*

Merikebu moja ya ngano ilizibeba zile sarafu mpaka mlango wa bahari, kwa yule mfalme aliyekuwa na jeshi kubwa kuliko wafalme wenzake wa jirani. Na huko, kama ilivyo kwao Makedonia, jina juu ya dhahabu lina maana moja tu. Hawajui zamu, hawajui mwangalizi. Neno la zamu wakaliruka, wakasoma "ya Parmis" kama walivyosoma maisha yao yote "ya Filipo", wakaangalia yule kijana mzuri wa nywele za mawimbi, wakasema: Abdera wamejipatia mfalme, tena mdogo, tena mzuri, tena bila kutuuliza.

Mjumbe wa mfalme akaja na wapanda farasi na kamba.

Baraza likakusanywa ukumbini, na mji wote ukajisukuma nyuma ya baraza. Bilos alikuwa mbele kabisa, kichwa kitupu, amesimama kwa mguu mmoja. Utepe mweupe ulikuwa umefungwa vizuri kwenye kidole gumba cha mguu.

"Nimejikwaa," alimweleza mjumbe. "Mimi ni mtumishi wa mfalme wako tangu zamani. Mwasi unayemtafuta nimekwisha kumkamata. Parmis huyu hapa!"

Askari wakamsukuma Parmis mbele.

Mjumbe alikuwa mtu mrefu, mwenye vumbi la safari na hasira ya mtu aliyekaa juu ya tandiko tangu mwezi mchanga. Akainua sarafu usawa wa kichwa cha Parmis. Akamzunguka.

"Geuka upande. Inua kidevu."

Parmis akageuka.

"Nimesema inua kidevu."

"Nimeshainua, mheshimiwa."

Nyuma ya ukumbi mtu akacheka, akanyamazishwa, akacheka tena.

"Nywele ziko wapi?"

"Zilinitangulia."

Mjumbe akashusha sarafu. "Kamanda. Nimetoka mbali. Unanichezea?"

"Jina lake ni Parmis! Uliza mtu yeyote!"

"Jina ni jina tu. Mimi nina nyumbu anaitwa Filipo. Nimpigie magoti?"

"Huo uso si wake," Bilos alisema, jasho likimtoka puani. "Ni wa Apolo! Ni desturi tu, kila mtu anajua ni Apolo!"

"Ajabu. Askari wako huko nje wameniambia ni uso wako. Wameniambia uliwapanga mstari ukawaonyesha pua." Mjumbe akaichukua kamba kwa msaidizi wake, akaanza kuinyoosha taratibu. "Chagua, Kamanda. Uso huu ni wa Apolo, ambaye jina lake silioni hapa? Ni wako? Au ni wa mfalme Parmis? Kamba ninayo moja."

Bilos akaangalia kamba. "Ni wa mfalme Parmis," alisema haraka.

"Vizuri. Sasa nionyeshe mtu anayefanana nao. Kuna msema kweli katika mji huu?"

Watu wakaulizana, wakakosa, kisha wakamsukuma Nanno mbele, kwa kuwa ndiye mfanyabiashara pekee aliyewahi kumwambia mteja kwamba samaki ni wa juzi. Akashikishwa madhabahu. Parmis akamtazama akijua kabisa kwamba mwanamke huyu hatasema uongo, na moyo ukamshuka mpaka kwenye viatu ambavyo safari hii hakuwa amevivua.

"Mama," mjumbe aliuliza, "kwa miungu unayoiogopa: mtu huyu ndiye wa kwenye dhahabu hii?"

Nanno akaiangalia sarafu. Akamwangalia Parmis. Akachukua muda wake.

"Huyu?" alisema. "Naapa siye. Huyu naishi naye ukuta kwa ukuta. Nywele sijapata kumwona nazo. Kidevu ni hicho hicho unachokiona, hakuna kingine kilichofichwa. Akikoroma panya wanahama. Kuku wangu, ambao wanamwogopa kila mtu, huyu wanamdonoa. Akisimama mlangoni nadhani ni mtu wa kuja kuomba maji. Mfalme! Mwanangu, kama huyu ni mfalme, mimi ni farasi wa kwenye gari hilo."

Ukumbi ulicheka mpaka baraza likashika mbavu. Mjumbe mwenyewe akageuka ukutani kidogo. Parmis alisimama katikati ya kicheko hicho, akilipitia kila neno, akitafuta uongo hata mmoja wa kushikilia. Hakuupata. Nanno alikuwa ameapa kweli tupu, na ndiyo ilikuwa inauma.

"Imetosha," mjumbe alisema akijifuta macho. "Kamanda Bilos, Parmis wa kweli amekuponyoka. Kijana mzuri namna hii hafichiki. Chukua kamba hii uende ukamtafute, milimani, visiwani, popote. Usirudi mpaka umlete, mwenye nywele hizo hizo na majani kichwani. Mji utakuwa chini yangu."

"Lakini hayupo!" Bilos alilia. "Ni Apolo!"

"Basi anza na Olimpo."

Wakamtoa nje akichechemea, kidole kimesahau ni cha mguu upi. Mjumbe akawageukia waandishi. Sarafu zote zikusanywe. Na jina la Parmis mwasi lipigiwe mbiu katika kila bandari, kutoka hapa mpaka mlango wa bahari na visiwa vyote, ili asipate lango la kuingia wala mtu wa kumkaribisha.

Parmis akasikia. Akawa ameanza kurudi nyuma polepole kuelekea mlangoni, kwa ule mwendo wake wa miaka yote, mwendo wa mtu asiyekuwepo.

"Wewe mzee," mjumbe akamwita, kwa sauti ya wema sasa. "Tumekusumbua bure. Mfalme wetu ni mtu wa haki, akimwonea mtu humtumia zawadi. Kamanda alikubandika jina la mwasi; la kwako hasa ni lipi?"

Watu walimtazama kwa hamu, na Pithes aliacha hata kukohoa.

Parmis akafungua mdomo. Akampima Dionisodoro, lakini pale kando ya waandishi alisimama baharia mwenye ndevu za Bizantio. Akampima tabibu Eumolpo, akakumbuka wapanda farasi wawili wa mjumbe walikuwa na lafudhi ya Thaso na vichwa vyenye upara. Arkestrato hakumpima kabisa. Akalitafuta jingine, jipya, lolote, yeye ambaye majina yalikuwa yakimtoka kama maji. Mdomo ukabaki wazi, hakuna kilichokuja.

Akamwangalia Nanno. Nanno akaangalia sakafu.

Parmis akafunga mdomo, akainamisha kipara chake mbele ya mjumbe kwa adabu, akageuka, akapita katikati ya watu waliompisha njia, akatoka nje bila kutaja jina lolote.